Daftari la Baraza Ghorofa ya Kumi na Nne

Haya, nimerudi. Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza gengeni, na juzi mmoja wenu kanizuia njiani na mzigo wa kuni kichwani eti nimweleze kwanza, mzigo utasubiri. Naandika mara moja, mpokezane, mniache nipumzishe mdomo. Habari za viza na tiketi sizisemi, zilinitoa roho na sitaki kuzikumbuka. Naanzia pale nilipofunga mlango wa nyumba yangu.

Same mpaka Dar es Salaam

Mnajua kwamba nilikuwa naenda Toronto kwenye harusi ya mwanangu Neema. Msichokijua ni kwamba siku naondoka, harusi yenyewe haikuwepo.

Alinipigia simu siku tatu kabla, analia mpaka nikadhani kafiwa. "Mama, Babu amekataa." Babu huyo si wangu wala wake. Ni Mzee Zefania, babu wa mchumba wake Yona. Ndiye aliyemlea Yona tangu wazazi wake walipofariki, na ni mtu wa milima yetu hii hii, ingawa amekaa Kanada miaka mingi. Kwake kuna daftari. Baba yake alikuwa karani wa baraza la mlimani zamani za mkoloni. Baraza lilipofungwa, daftari la kesi likabaki kwenye sanduku la karani, na Zefania akalibeba mpaka Kanada. Anayetaka kuingia kwenye ukoo wake hutafutwa humo kwanza.

Neema alikuwa amempelekea majina ya kwetu, yachapwe kwenye kadi ya ratiba. Mzee akasomewa jina la babu yangu, Mbonea. Yona akamfungulia daftari, wakakuta kesi ya mfereji wa maji ya shamba: *Mbonea bin Mashambo, anadai zamu ya maji ya mfongo.* Na Mashambo ni babu yake Zefania!

Basi ikawa kesi. Kama Mbonea ni mwana wa Mashambo, Neema na Yona ni ukoo mmoja, na kwetu ukoo mmoja hauoani, hata kama mmoja kazaliwa Same na mwenzake kakulia kwenye theluji. Mzee alisema Ijumaa jioni atampigia mchungaji amwambie kuna kizuizi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Yona naye alimwambia mwanangu wazi kwamba bila neno la Babu hasimami madhabahuni.

Nilimuuliza Neema, "Na wewe unasemaje?"

"Mama, nampenda. Lakini kama ni kaka yangu?"

Hilo ndilo lililonikaa kifuani njia nzima. Marehemu baba yangu hakuwahi kutuambia Mbonea alitoka wapi. Ukimuuliza, alikuwa anatafuta jembe na kutoka nje.

Kaka yangu Elisante ndiye aliyekuwa asafiri pamoja nami, asimame upande wa bibi harusi, maana baba yake Neema hayupo duniani. Akateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Nikaondoka peke yangu, na kwenye mkoba nina miwani yangu ya kazini. Mnatutania sisi Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Sawa, chekeni. Mimi nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka thelathini na moja, na nilikuwa naenda kwenye kesi.

Angani, na mahali ambapo sikupaswa kushuka

Safari ya kwanza ya ndege ilikwenda vizuri mno, nikajua kuna jambo. Tulipobadilisha ndege Ulaya tuliketi kwenye viti vya chuma kutwa nzima bila kuambiwa lolote la maana. Kila nikimfuata yule dada wa kaunta ananionyesha tabasamu na kipande cha karatasi cha kununulia mkate. Mkate wenyewe ulikuwa na samaki mbichi ndani. Mbichi kabisa, jamani! Nikamtoa samaki nikala ganda.

Tuliporuka hatimaye, rubani akatangaza jambo, wazungu wakaguna wote kwa pamoja. Nilimgusa jirani yangu, akanichorea kwenye leso ya karatasi: ndege, mawingu, halafu mstari unaoelekea pembeni. Toronto ilikuwa inanyeshewa mvua inayoganda, hakutui chombo. Tukashushwa Montreal.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nilihesabu kwa vidole. Nilipaswa kufika Jumatano.

Montreal mpaka Toronto

Walitupanga kwenye mabasi. Nilikaa na mama mmoja mnene mwenye kitenge juu ya koti, na alipopiga simu nikasikia, "Njo nafika, usilie." Nilitaka kumkumbatia.

Jina lake Mama Bea, mtu wa Bukavu. Kiswahili chake kilinipa kazi, changu kikamchekesha. "Weye unasema kama redio," aliniambia. Akatoa kwanga, mihogo iliyofungwa kwenye majani, na samaki wa kukaanga, akanimegea bila kuuliza. Nilikula kama mtu aliyetoka jela. Huko nje hakukuwa na nchi, weupe tu na malori yaliyolala ubavu kando ya barabara.

Dereva akatangaza kitu. "Anasema nini?" nikamuuliza.

"Anasema tutafika ku saa tano."

Saa tano! Saa tano za usiku nitafika wapi, nitamkuta nani, nitapataje kulala ili niamke nikamkabili mzee? Nikaanza kufoka, kwamba basi gani hili, mbona nchi ya watu waliosoma. Mama Bea akanitazama mpaka nilipomaliza, akanionyesha saa yake ya mkononi na kuweka kidole kwenye namba tano. Kwao saa tano ni hiyo inayoandikwa, ambayo kwetu ni saa kumi na moja jioni. Tukacheka mpaka abiria wa mbele wakageuka. Ndicho kicheko pekee nilichocheka wiki ile.

Kilipoisha nikamweleza yote, maana mtu usiyemfahamu unamweleza yote. Alinisikiliza, halafu akauliza swali moja. "Na kama ile buku inasema ni kweli?"

Nikamwambia nitaisoma kwanza.

"Na kama iko kweli?"

Nikageukia dirishani. Hakuniuliza tena, akanimegea kipande kingine cha samaki.

Downsview

Neema anakaa Downsview, kwenye jengo la ghorofa linalotazamana na maghala. Alinipokea kituoni, na nilipomwona nilijua hajala siku kadhaa. Mwanangu huyu huwa ana mashavu. Gauni la harusi lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango kwenye mfuko wake, na tangu Babu akatae alikuwa hajalifungua.

"Umelijaribu?" nikamuuliza.

"Nalijaribu la nini, Mama?"

Nikamkaripia kwamba gauni halina kosa. Halafu nikaenda bafuni nikafungulia maji ili asinisikie nikilia.

Asubuhi yake, Ijumaa, alitaka tuongozane. Nikamkatalia. Mbele ya mzee angelia, na machozi kwenye kesi yanamfanya kila mtu ashike neno lake kwa nguvu zaidi. Yona akaja kunichukua. Kijana mrefu, mpole, anafanya kazi ya zamu kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Alikuja Kanada mdogo, kwa hiyo Kiswahili anakisikia chote lakini akikizungumza anakitafuta kwanza.

"Shikamoo, Mama." Kisha akaendesha mpaka barabara ya Kipling. Hapo akasema, "Mama, mimi... siwezi kumwacha Babu. Na siwezi kumwacha Neema."

"Endesha gari," nikamwambia.

Rexdale, ghorofa ya kumi na nne

Kwenye jengo la mzee lifti ilikuwa mbovu moja, na nyingine imejaa watu na mikokoteni ya nguo za kufua. Tulipofika juu mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Mzee Zefania alikuwa ameketi kiti cha mbao, koti la suti juu ya sweta, fimbo kati ya magoti. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama maji ya mchele.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenu."

Mtanisema mimi nina hasira za karibu. Mzee yeyote anamwita mtu mwanangu. Lakini hapa ilikuwa hukumu, na aliitoa kabla sijavua viatu.

Nyumba nzima ilinukia makande. Alikuwa ameyapika mwenyewe tangu alfajiri, na sufuria ilikuwa mezani. Bila sahani. Kijiko kimoja tu kimeegemezwa pembeni. Nyie mnaelewa. Mkwe anaandaliwa, anawekewa sahani na kawa juu yake. Wa nyumbani anajipakulia sufuriani.

"Jihudumie," akasema.

Nilikuwa na njaa, na makande yale yalikuwa na nazi. Nikakaa mbali nayo. "Nisamehe, Baba. Sijui bado kama niko kwa ndugu au kwa wakwe. Nikijua nitakula."

Yona alinitazama kama nimevunja kioo. Mzee akagonga fimbo sakafuni mara moja. "Kama ulivyo, ndivyo Mbonea alivyokuwa anasemwa. Mbishi."

"Naomba kuliona daftari."

"Limeshasomwa."

"Na nani?"

"Na mimi, macho yalipokuwa macho. Mara ngapi! Ukurasa wa kumi na tisa. Siku hizi Yona ananisomea jina na namba ya ukurasa. Baba yangu hakuwa mwongo."

"Sijasema ni mwongo. Nimesema nilione."

Akakataa. Tulibishana, siwafichi, kwa saa nzima. Alisema mikono ya watu inalichakaza. Nikamwambia mikono yangu imeshika majalada kabla Yona hajazaliwa. Alisema mimi ni mama, nitaona ninachotaka. Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nikamwambia basi Yona alishike yeye, mimi nitazame tu.

Yona akalitoa kwenye kabati, limefungwa kwa kitambaa cha mezani. Daftari refu lenye jalada jeusi, kurasa zake zimekuwa kahawia. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa kama nilivyoambiwa. Namba ya kesi, mdai, mdaiwa, shauri lenyewe. Mbonea bin Mashambo. Mwandiko mzuri, wa penseli ya wino. Nikalisoma jina hilo mara tatu.

Halafu ukarani ukaamka ndani yangu. Nikageuza wa ishirini, wa ishirini na moja. Majina, namba, majina, namba.

"Baba, hii ni orodha tu. Maelezo yako wapi?"

"Maelezo gani?"

"Watu walivyosema. Hakuna baraza lisiloandika watu walivyosema. Tena kesi ya maji! Mtu akidai zamu ya mfongo lazima ataje aliyemrithi, na huyo alimrithi nani, mpaka kwa aliyechimba."

"Huko nyuma kuna majina ya walipa kodi. Niliyaona. Hayana maana."

"Kurasa ngapi?"

Hakujua. Alipoona kodi aliacha.

Nikamwomba Yona alipindue daftari, nyuma iwe mbele, juu iwe chini. Nilikuwa nafanya hivyo mwenyewe miaka ile karatasi zilipokuwa adimu. Orodha unaianzia mbele, maelezo unayaanzia nyuma, daftari moja linakuwa mawili. Majina ya kodi yakapita, kurasa kumi, ishirini, thelathini. Kisha yakakoma, na pale nikaona maneno ya kwanza: *Mimi nasema.*

Kesi ya Mbonea ilikuwa na kurasa mbili. Penseli ilikuwa imefifia, Yona akainamia akashindwa hata mstari mmoja. Nikavaa miwani yangu, nikachukua na kioo cha kukuzia cha mzee.

"Umepata?" Zefania akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nimepata."

"Mimi sioni. Yona hawezi. Ni wewe peke yako." Akanyoosha fimbo, akanielekezea Biblia iliyokuwa dirishani. "Apa."

Miaka thelathini na moja nimewaapisha watu, sijawahi kuapishwa. Nilishika kile kitabu, nikaapa nitasoma lililoandikwa, lote.

Nikasoma. *Mimi Mbonea nasema. Baba aliyenizaa ni Kadeghe, na wake Irira, na wake Mkunde, wa mlima wa pili. Njaa ilipoingia mama yangu alinileta kwa Mashambo, sijang'oa meno ya utoto. Akashuka nyika kutafuta chakula. Alisema nimngoje. Sikumwona tena.*

Kadeghe, Irira, Mkunde! Watu wangu, sijawahi kuyasikia majina hayo, na baba yangu amekufa hajayatamka. Na yule mama aliyeshuka nyika, hata jina hakuandikwa. Nililia mbele ya wanaume wawili na sikuona haya. Yona alikuwa amesimama, mikono kichwani. "So sio ndugu," akasema. "Babu, sio ndugu!"

Ningeweza kuishia pale. Nawaambia kweli, nilitaka kuishia pale. Ukurasa wa pili ulikuwa umeshika na wa kwanza kwa unyevu wa miaka mingi. Niliubandua taratibu kwa kucha, nikausoma kimya mpaka mwisho.

"Umenyamaza," mzee akasema. "Nimesikia karatasi. Kuna nini?"

Neno moja tu, "imekwisha", na Neema wangu angefungua ule mfuko wa gauni. Hakuna ambaye angejua, hapo wala milele. Na nyie msingejua. Nikamkumbuka Mama Bea na swali lake.

Nikasoma. *Wadaiwa wakacheka, wakasema huyu hana baba mlimani hapa, maji atayapataje. Mashambo akasimama. Akasema, andika mimi. Mimi karani nikamuuliza, niandike wewe nani kwake? Akasema, andika huyu ni mwanangu, na asiyetaka aje aniambie mimi. Nimeandika kama alivyosema.*

Yona akakaa chini. Hata yeye alielewa. Mashambo alimfanya Mbonea mwanawe mbele ya baraza, na lililosemwa mbele ya baraza limesemwa. Kwa mzee kama Zefania hiyo inaweza kuwa nzito kuliko damu. Nilifunga daftari. Nikawaza nitampigiaje Neema, nianze na neno lipi.

Mzee aliinamia fimbo, midomo ikiyarudia maneno yale. Baadaye akasema, "Rudia pale karani anapouliza."

Nikarudia.

"Huyo karani ni baba yangu. Anamuuliza baba yake mwenyewe." Akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Ningelisoma nilipokuwa naona! Nimeishia kwenye kodi." Akashika fimbo, akainuka, akakataa Yona asimsaidie. "Babu yangu alimwandika yule mtoto ili apate maji. Hakumwandika ili kitukuu wake akose mume."

Akapapasa mpaka jikoni. Tukasikia kabati likifunguliwa, vyombo vikigongana. Akarudi na sahani moja, akapakua makande akitafuta kwa kidole ukingo ulipo, akafunika kwa kawa ndogo iliyofumwa, akanisukumia mbele yangu.

"Mkwe," akasema, "kula, yamepoa."

Nikala sahani mbili. Yona alikuwa ameshatoka kwenda koridoni na simu sikioni, na kelele za Neema upande wa pili nilizisikia hata mimi.

Kanisani

Jumamosi theluji ilianza tena, lakini hiyo haikunihusu. Gauni liliingia vizuri, lilimpwaya kiunoni tu kwa sababu ya ule ujinga wa kutokula, nikabana kwa pini.

Mchungaji alipouliza nani anasimama kwa ajili ya bibi harusi, ndipo nikakumbuka Elisante na nyonga yake. Kwa ajili ya daftari nilikuwa nimelisahau kabisa jambo hilo! Mimi ni mama, ningesimama, na nilikuwa nainuka. Lakini upande wa kushoto, kwa watu wa bwana harusi, nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Mzee Zefania alikuwa anavuka ujia wa kati, polepole, mkono mmoja ukishika migongo ya viti. Watu wakadhani kapotea kwa sababu ya macho, mmoja akainuka amrudishe.

"Niache," akasema. Akafika upande wetu, akamtafuta Neema kwa mkono mpaka akampata begani. "Andika mimi."

Mchungaji hakuelewa kwa nini mimi na Yona tulianza kulia kwa wakati mmoja.

Ibada ilipokwisha tukaenda chumba cha pembeni kutia sahihi. Kulikuwa na kitabu cha kanisa, na mchungaji, mtu mwema mwenye haraka, alikuwa ameshaandika jina la mzee Zefania mahali pa baba wa bibi harusi. Nikamshika mkono wa kalamu. Nikamwomba akate, aandike upya, nikasimama juu yake mpaka akamaliza: baba mzazi, marehemu, kwa jina lake kamili, na chini yake, aliyesimama, Zefania, mjukuu wa Mashambo. Akaniuliza kwa upole kama kuna haja ya maneno yote hayo.

Nikamwambia ipo.